Maumivu ya Misuli na Viungo Hedhi Inapokaribia Kukoma

Kama uko jikoni, endelea na kazi huku ukisikiliza. Kama umeketi, vua viatu na unyooshe miguu, kwa sababu leo mazungumzo yetu ni juu ya miguu hiyo, na mikono, na mabega, na mgongo.

Nitaanza na mama mmoja. Jina lake nitaliacha. Alikuwa na umri wa miaka 47, muuza mboga sokoni. Mara ya kwanza alipokuja kwetu alisema vidole vyake vinauma na kukakamaa asubuhi, hata kukamua nguo ni shida. Nikampima presha, nikampa parasetamoli, akaenda. Baada ya majuma matatu akarudi: sasa ni bega, hawezi kufunga sidiria wala kusuka nywele zake mwenyewe. Nikampa parasetamoli tena. Mara ya tatu yalikuwa magoti na nyonga. Nikamwambia apumzike. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga, atapumzika saa ngapi? Lakini ndivyo nilivyomwambia.

Mara ya nne alikuja na mfuko wa karatasi, akamwaga dawa zake zote mezani. Kulikuwa na vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akinunua dukani bila kuandikiwa, vingine asubuhi na vingine jioni, kwa miezi mingi. Kulikuwa na mabaki ya dawa za brusela, maana alikuwa ametibiwa brusela mara mbili mahali pengine. Kulikuwa na unga wa rangi ya kahawia ndani ya chupa isiyo na jina, wa "kutoa baridi kwenye mifupa". Halafu akaniambia, kama jambo dogo tu, kwamba siku mbili hizo choo chake kilikuwa cheusi kama lami.

Choo cheusi namna hiyo ni damu kutoka tumboni. Nilimwandikia rufaa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Nilipokuwa nikijaza ile karatasi nikafika kwenye swali la hedhi ya mwisho, nikamwuliza. Akacheka. "Sista, hiyo yangu siku hizi haina kalenda. Inapotea miezi mitatu, halafu inakuja mara mbili kwa mwezi mmoja. Na usiku nalowa jasho mpaka nabadilisha shuka."

Mara nne mama huyu aliketi mbele yangu, na sikuwahi kumwuliza. Alitibiwa vile vidonda vya tumbo, akapona, na mpaka leo yuko sokoni. Lakini nimeomba nafasi hii redioni kwa sababu yake, na kwa sababu najua wako wengi ambao hawajaulizwa.

Basi tuelewane kwanza. Hedhi haikomi kwa siku moja kama bomba lililofungwa. Wanawake wengi hufikia ukomo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito, ambacho kwa wengi huchukua kama miaka minne, kwa wengine miezi michache tu, na kwa wengine hata miaka minane. Hedhi huvurugika: huja mapema, huchelewa, huwa nyingi au chache. Tunasema imekoma kabisa pale unapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona hata mara moja. Mama ambaye ovari zake zote mbili zimetolewa kwa upasuaji huingia katika hali hii mara moja, hata kama ana miaka 35.

Hapa kwetu kuna jambo linalotuchanganya. Akina mama wengi hutumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, na wengi wao huwa hawaoni hedhi kabisa. Mama kama huyo atajuaje kwamba ameingia katika mpito? Dalili nyingine ndizo zitakazomwambia: joto la ghafla linalopanda kifuani mpaka usoni, jasho la usiku, usingizi wa kuruka ruka, hasira za ghafla, kusahau, ukavu ukeni, na hayo maumivu. Ikiwa umepita miaka 45 na unatumia sindano hiyo, zungumza na muuguzi wa kliniki kuhusu njia nyingine, maana sindano hiyo yenyewe hupunguza uzito wa mifupa kidogo. Lakini usiache kupanga uzazi eti kwa sababu hedhi imeanza kupotea. Wapo waliopata mtoto wa uzeeni kwa njia hiyo. Kama una zaidi ya miaka 50, endelea kujikinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho; kama hujafika 50, miaka miwili.

Sasa, hedhi na goti vinahusiana vipi? Ovari hutengeneza homoni inayoitwa estrojeni. Wengi tunaijua kwa kazi yake ya uzazi, lakini homoni hii hufanya kazi pia kwenye mifupa, kwenye misuli, kwenye kano zinazoshika misuli na mifupa, na kwenye ule utando laini ulio ndani ya viungo. Husaidia kutuliza uvimbe wa ndani, husaidia misuli kujijenga, na huzuia mfupa usiliwe upesi kuliko unavyojengwa. Katika kipindi cha mpito estrojeni hupanda na kushuka ovyo, kisha hushuka moja kwa moja. Misuli hupungua nguvu, kano hukakamaa, viungo huuma, na mfupa hupoteza uzito upesi zaidi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha ya mama. Ongeza usingizi mbovu, kwa sababu mwili uliokosa usingizi husikia maumivu zaidi.

Si mambo ya mwanamke mmoja mmoja. Mwaka 2024 madaktari wa mifupa na watafiti wa Marekani waliyapa maumivu haya yote jina moja katika jarida la kitabibu, wakaandika kwamba zaidi ya wanawake 70 katika kila 100 huyapata katika kipindi hiki, na karibu 25 katika kila 100 huzuiwa nayo kufanya kazi zao za kawaida. Kwa hivyo mama anaposema mwili mzima unauma na daktari haoni kitu kwenye picha ya eksirei, hadanganyi. Na si uvivu. Baba unayesikiliza, neno hilo la uvivu tuliache leo.

Maumivu haya yana tabia zake. Huwa mabaya asubuhi unapoamka au baada ya kuketi muda mrefu, kisha hulegea ukianza kutembea, mara nyingi ndani ya nusu saa. Huhama: leo vidole, juma lijalo bega. Vidole, viganja, magoti, mabega, shingo na kiuno ndivyo hulalamika zaidi. Bega linaweza kukakamaa kabisa, mkono ukakataa kupanda juu au kwenda mgongoni. Bega hilo lililoganda huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, na zaidi tena wenye ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo mwenye bega la namna hiyo apimwe sukari.

Lakini sikiliza vizuri hapa, mama. Usije ukatoka kwenye kipindi hiki ukisema kila maumivu ni hedhi. Kosa langu lilikuwa kutouliza juu ya hedhi. Kosa la upande wa pili ni baya vile vile.

Jasho la usiku pamoja na maumivu ya viungo au mgongo yaweza kuwa mpito, lakini yaweza pia kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au brusela. Tofauti ni hizi: joto la hedhi hupanda ghafla na kuisha kwa dakika chache, na ukipimwa kwa kipimajoto huna homa. Kifua kikuu na brusela huleta homa ya kweli, hukuondolea hamu ya chakula, na hukukondesha. Brusela huja kwa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika ng'ombe, mbuzi au ngamia aliyeharibu mimba. Kama unafuga, au unakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari hivyo bila kuulizwa. Na kama umeambiwa una brusela kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, nawe huna homa wala hukaribii mifugo, omba kipimo kirudiwe kwa njia nyingine kabla ya kuanza dawa, maana kipimo hicho huweza kutoa jibu la uongo. Mama yangu wa sokoni alikuwa amekunywa dawa hizo kali mara mbili, majuma sita kila mara, na vidole havikusikia.

Viungo vidogo vya mikono yote miwili vikivimba na kuwa moto, na ugumu wa asubuhi ukizidi saa nzima kwa majuma kadhaa, hiyo yaweza kuwa baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Ina dawa zake maalumu, na ukichelewa viungo hupinda visirudi. Nenda mapema. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na moto, pamoja na homa, usingoje kesho. Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo, usingoje hata saa moja. Wasikilizaji wa Pwani wanakumbuka chikungunya, ile ya Lamu mwaka 2004 na ya Mombasa iliyoanza mwishoni mwa 2017 ikaingia 2018: homa huisha, viungo vikabaki vikiuma miezi. Na mama ambaye hedhi imekoma mwaka mzima kisha akaona damu tena, hata tone, aje apimwe. Hiyo si hedhi iliyorudi.

Tuje kwenye matibabu. Nitaanza na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia, nalo ndilo linalosaidia zaidi: mazoezi ya kutia misuli nguvu.

Najua utaniambia, "Sista, mimi nalima, nachota maji, nabeba mtoto mgongoni, mazoezi gani tena?" Ni kweli unafanya kazi. Lakini kazi hutumia misuli ile ile kwa namna ile ile, mgongo umeinama, mpaka ichoke. Mazoezi huchagua misuli iliyolegea na kuiamsha. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kila juma, kama kutembea kwa haraka, na juu ya hayo mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kutembea kwako kwenda sokoni kunahesabiwa, kama unatembea mpaka pumzi inapanda.

Haya, vuta kiti kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Keti, miguu iwe sambamba na mabega, mikono umeikunja kifuani. Inuka bila kujishika, polepole, kisha keti polepole zaidi. Hapo kwenye kuketi polepole ndipo dawa ilipo. Ukiweza mara 5 leo, inatosha. Juma lijalo 6, mpaka ufike 10, upumzike, urudie. Hayo ni ya mapaja, na mapaja yenye nguvu ndiyo yanayolibebea goti mzigo. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja kama unausukuma, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jirudishe. Hayo ni ya mabega na mikono. Ukiwa unangoja chai ichemke, shika ukingo wa meza, inua visigino, simama kwa vidole, shuka. Mara 10. Kwa bega lililokakamaa, simama kando ya ukuta, tembeza vidole viwili juu ya ukuta kama buibui anayepanda, mpaka pale panapovuta, shikilia ukihesabu mpaka 10, teremka. Weka alama ya chaki pale ulipofika. Bega hilo huchukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, na alama ya chaki itakuonyesha mwendo ambao wewe mwenyewe huusikii.

Siku mbili za kwanza misuli itauma kidogo. Hilo ni la kawaida. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo si ya kawaida, punguza. Usiache kabisa, kwa sababu kiungo kisichotumika hukauka.

Kazi za nyumbani nazo zina ujanja wake. Badala ya kubeba ndoo moja ya lita 20 upande mmoja, beba mbili za lita 10, moja kila mkono. Fua ukiwa umeketi kwenye kigoda, beseni likiwa juu ya kitu, usiiname tangu asubuhi. Nguo nzito usiikamue kwa viganja. Izungushe kwenye bomba au kwenye tawi, uisokote kwa mkono mzima, au iache tu idondoke maji, jua litamaliza. Sufuria ya ugali ishikwe na mtu wa pili ukisonga. Mlezi, hapa ndipo unapohitajika. Mama hatakuomba. Chukua mwiko.

Joto husaidia ugumu wa asubuhi. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa taulo, weka penye maumivu dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari na ganzi miguuni asiweke joto miguuni, atajiunguza bila kujua. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta ni kuzuri. Kuchanjwa chale na kukandwa kwa nguvu mpaka ngozi ibadilike rangi, hapana.

Sasa dawa. Parasetamoli ni salama kwa wengi ikitumiwa sawasawa: vidonge viwili vya miligramu 500, na usizidishe vidonge 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Hesabu pia dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana apewe kipimo na daktari. Nisikufiche, kwa maumivu ya viungo ya muda mrefu nguvu yake ni ndogo.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutuliza zaidi, na huko ndiko hatari ilipo. Hukwangua ukuta wa tumbo, hupandisha presha, hulemea figo, na baadhi huongeza hatari ya moyo. Hutumiwa kwa kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache, baada ya chakula. Usichanganye mbili za jamii hiyo kwa pamoja. Kama una presha na unakunywa enalaprili au losartani, hasa ukiwa na kile kidonge cha kukojoa, usiongeze ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza: dawa hizo tatu pamoja zinaweza kuangusha figo. Sindano ya makalio ya kila Ijumaa pale duka la dawa haina uchawi wowote. Ni dawa ile ile, na hudhuru tumbo lile lile ingawa haikupitia mdomoni. Afadhali ile ya kupaka ya diklofenaki, kwa goti na vidole, kwa sababu ni kidogo sana inayoingia kwenye damu.

Na zile dawa za chupa zisizo na jina? Sisemi kila mti shamba ni mbaya. Lakini dawa ya "mitishamba" inayoondoa maumivu ya miaka mitatu ndani ya siku mbili, ikakufanya unenepe uso na kupata hamu kubwa ya chakula, huenda imechanganywa na steroidi ya hospitali. Zimepatikana hivyo katika nchi nyingi. Steroidi ya siri hupandisha sukari, hula mifupa, yaani mfupa ule ule ambao tayari unapungua. Kama umeitumia kwa muda mrefu usiikatize ghafla. Ilete kliniki na chupa yake, utasaidiwa kuiacha. Hakuna atakayekugombeza. Kama yuko wa kukugombeza, tafuta muuguzi mwingine.

Yako pia matibabu ya kurudisha homoni yenyewe. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliwatisha watu, na kwa miaka mingi wanawake na madaktari waliyakimbia. Utafiti huo ulikuwa na wanawake wengi waliokuwa wamepita miaka 60. Baadaye ilieleweka kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida hushinda hatari, hasa kama joto la ghafla na jasho vinamsumbua sana. Kazi yake kuu ni kutuliza hilo joto na kulinda mifupa. Wanawake wengi husema viungo navyo hulegea. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe projesteroni pamoja na estrojeni, ili mfuko usipate saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi, ugonjwa mbaya wa ini, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, kwa kawaida hapewi. Kwenye zahanati zetu huzikuti. Utahitaji rufaa na daktari wa kukuandikia, na bei si ndogo, afadhali ujue hivyo kabla ya kulipa nauli. Usinunue kwa maneno ya rafiki.

Chakula ni jambo fupi. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kimoja kikubwa cha maziwa au mala kina karibu 300. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, sukuma wiki, na uji wa wimbi huongeza sehemu kubwa ya iliyobaki. Supu ya mifupa ni tamu, inywe, lakini kalsiamu yake ni kidogo sana, usiitegemee. Jua la asubuhi mikononi na miguuni hukupa vitamini D. Dada zetu wanaojifunika watafute ua wa ndani dakika chache. Na misuli hujengwa kwa mayai, maharagwe, ndengu, samaki, nyama. Nimetembelea nyumba nyingi, na nimeona vipande vikigawanywa: baba, watoto, mgeni, na mama anabaki na mchuzi. Mama, jipakulie kipande. Na kama uzito umezidi, jua kwamba kila kilo moja unayopunguza humpunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Kilo 3 tu, goti litakushukuru.

Sasa nakuachia kazi ya nyumbani. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kila siku andika tarehe, kama umeona damu au la, mahali palipouma, kama umelala, na dawa yoyote uliyokunywa. Fanya hivyo miezi miwili. Ukienda kliniki, beba daftari hilo na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za chupa. Ukikaa mbele ya muuguzi, hata kama hakuuliza, sema wewe kwanza: "Nina miaka 47 na hedhi yangu imebadilika." Ikiwa safari ni ngumu, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako ana uwezo wa kukupima presha na sukari nyumbani, tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye vipimo hivyo. Mlezi, mwandikie mama kama vidole vyake vimekataa kalamu.

Mama yangu wa sokoni alinunua kigoda kirefu, na siku hizi hupanga mboga juu ya meza badala ya gunia la chini. Kila asubuhi kabla ya wateja husimama na kuketi kwenye kigoda hicho mara 10, na wenzake walizoea kumcheka. Nilipopita mwezi uliopita nilikuta wawili wakihesabu pamoja naye.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumzia presha ya mama mjamzito. Mwenye binti aliye na mimba amwite karibu na redio.